Kaburi Lililohesabiwa Kuwa Tupu

Fidelma Heneghan aligawa mababu kwa miaka kumi na tisa bila mtu yeyote kumlaumu. Siku alipomnyima mtu mmoja babu, kijiji kizima cha Kiltarragh kiligundua kwamba ni mwanamke mwovu.

Alikuwa mwandishi wa parokia, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, hajaolewa, mrefu na mkavu kama mti wa pazia, na alivaa koti lile lile la mvua Januari na Julai kwa sababu katika jimbo la Roscommon miezi hiyo haitofautiani sana. Mama yake alikuwa akisafisha kanisa. Fidelma alianza kwa kumbebea ndoo, akaishia kushika ufunguo wa kabati la chuma lenye madaftari ya parokia: ya waliobatizwa tangu mwaka 1834, ya waliofunga ndoa, na rejista ya makaburi. Kilatini cha madaftari hayo alikisoma vizuri kuliko mapadre watatu kati ya wanne aliowatumikia. Alijua nani alizaliwa miezi minne baada ya harusi ya wazazi wake, na nani alijiongezea miaka ili apate pensheni mapema, na hakuwahi kumwambia mtu hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo watu walimheshimu, na kidogo walimwogopa.

Zamani Wamarekani waliokuja kutafuta asili yao walikuja na barua za bibi zao, wakijua jina la kitongoji na hata jina la punda. Hao hawakuwa na tabu. Baadaye walianza kuja watu wa mate. Mtu wa mate hakujua jina wala mwaka. Alikuwa ametema ndani ya kichupa wakati wa Krismasi, akakipeleka posta, na kampuni ikamjibu kwamba vinasaba vyake ni vya Ayalandi kwa asilimia kadhaa. Kwa asilimia hizo alivuka bahari, akaingia ofisini kwa Fidelma akilia kabla hajaketi.

Malachy Scahill ndiye aliyeweka kanuni. Alikuwa mwenye baa, mwenye nyumba ya wageni, diwani, na kwa hiyo mwenyekiti wa Kamati ya Urithi. Kanuni yake ilikuwa fupi: mgeni asiondoke Kiltarragh bila babu.

“Huyu anasema bibi yake aliitwa Mary Kelly,” Fidelma alimlalamikia siku za mwanzo. “Malachy, mimi nina akina Mary Kelly sitini na wanne humu ndani. Nimpe yupi?”

“Mpe aliyekufa kwa huzuni zaidi.”

Akampa. Mgeni akalia, akala nyama ya nguruwe na kabichi baani kwa Malachy, akalala siku tatu badala ya moja. Na kwa kuwa babu hatoshi bila nyumba, waligawa nyumba pia. Kulikuwa na gofu la mawe kwenye shamba la akina Geraghty, lisilo na paa, likitazama ziwa vizuri. Familia kumi na moja zilioneshwa gofu hilo kuwa ndiko walikotoka, kila moja ikachukua jiwe moja la kumbukumbu, na kila majira ya baridi mzee Geraghty alileta mawe mengine kutoka machimboni. Kiangazi kimoja, kwa uzembe wa ratiba, akina Kelly wa Chicago na akina Dolan wa Philadelphia walikutana humo saa nne asubuhi, kila upande ukimlilia mzee wake. Fidelma alipofika mbio na koti lake, alikuta wamekumbatiana. Walikuwa wamekata shauri kwamba ni binamu. Hadi leo wanatumiana kadi za Krismasi.

Fidelma alijiambia kwamba hakuna aliyeumizwa. Mdomo wake ulidanganya, hilo alilikubali, lakini daftari halikudanganya kamwe. Hakuwahi kuongeza nukta wala kufuta herufi. Alilishikilia jambo hilo kama mlevi anavyoshikilia kwamba hanywi siku za kazi.

*

Kiltarragh ina Jumapili ya Makaburi, mwishoni mwa Julai. Juma zima kabla yake watu husugua mawe ya makaburi, hung’oa magugu, hununua maua. Siku yenyewe kila familia husimama kwenye kaburi lake, hata wanaokaa Dublin na ambao hawajasemeshana tangu urithi wa mama ugawanywe, na padre hupita akinyunyiza maji ya baraka. Mwandishi wa parokia humtangulia na rejista, akisoma kwenye kipaza sauti jina la kaburi na jina la aliyelirithi. Kaburi lisilosimamiwa na mtu ni aibu ya kijiji kizima.

Makaburi ya namna hiyo yalikuwa yakiongezeka. Ndipo Malachy alipopata wazo: kama kuna wageni wasio na wafu, na kuna wafu wasio na watu, shida iko wapi? Alipita makaburini siku ya ibada akiwa na penseli, akaandika orodha ya makaburi matupu, thelathini na mawili. Fidelma aliipiga chapa bila kuisoma. Kaburi la kumi na tisa katika orodha hiyo lilikuwa la akina Tansey.

Sasa, kaburi la akina Tansey halikuwa tupu. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumapili ya Makaburi, Rosilene Bittencourt alisimama pale na binti yake Thaís, wakiwa na maua ya njano ambayo hayakuweza kufichika hata gizani. Rosilene alitoka Brazili kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, kisha akawa mtunzaji wa Delia Tansey, bibi kizee wa mwisho wa ukoo huo. Alimwogesha, alimsomea gazeti, aligombana naye juu ya chumvi. Rosilene alipojifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku mbili, Delia alisema, “Mlaze na mama yangu. Alipenda watoto, na hana la kufanya.” Kisha akamwita Fidelma na padre, akatamka kwamba haki ya kaburi ni ya Rosilene, na akatia sahihi kwenye rejista. Miaka mitatu baadaye naye akalazwa humo. Juu ya kaburi, pembeni mwa jiwe la akina Tansey, ulikuwepo msalaba mdogo wa mbao wenye jina moja: Caetano.

Malachy alipita pale na penseli yake. Aliona maua, aliona mama na binti, pengine hata aliwasalimia. Kisha akaandika: tupu. Hakuwa na hila yoyote, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Hila huweza kukamatwa. Huyu alitazama watu wawili wakiwa wamesimama juu ya wafu wao, na jicho lake likapita katikati yao kama linavyopita kwenye kioo cha dirisha.

*

Randall Pruitt alifika Jumatatu ya juma la makaburi. Alikuwa muuza majokofu kutoka Ohio, mnene, mchangamfu, amevaa kijani kutoka kofia hadi soksi, na nyuma yake mkewe Darlene akibeba faili.

“Watu wangu!” akasema, akimkumbatia Fidelma, ambaye hakuwa amekumbatiwa tangu mazishi ya mama yake.

“Karibu, bwana Pruitt. Keti. Asilimia ngapi?”

“Thelathini na moja.”

“Tisa,” Darlene akasema bila kuinua macho kutoka kwenye faili.

“Ilikuwa thelathini na moja,” Randall akaeleza. “Wakapiga hesabu upya, ikawa kumi na saba. Mwezi Mei wakapiga tena. Lakini moyoni sikuona tofauti.”

“Na nyingine zote ni za wapi?”

“Ah, Ujerumani. Uswidi kidogo.”

“Hujawahi kufikiria kwenda Ujerumani?”

Randall alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Kufanya nini?”

Fidelma alilifikiri jibu hilo jioni nzima. Katika miaka kumi na tisa hajaona mtu aliyevuka bahari kuja kulilia bibi wa Kijerumani, wala bibi wa Kiingereza, ingawa vichupa vya mate vimejaa Waingereza. Wote walitaka Ayalandi. Walitaka kuwa wazao wa watu waliolala njaa, waliofukuzwa mashambani, waliodhulumiwa vizuri na ambao hawakumdhulumu mtu. Yalikuwa mateso yasiyodai chochote kwa sasa: yamekwisha, yana nyimbo, na yanaishia baa. Mtu anayeishi Ohio penye mafuriko ya mali angeweza kuyavaa wikiendi kama kofia. Na sisi, Fidelma aliwaza, sisi ndio wenye duka la kofia.

Randall alikuwa amesikia kwa shangazi kwamba mama wa bibi yake aliitwa Honor Tansey. Kamati ilikwisha kumpa kaburi namba kumi na tisa kwa barua pepe tangu Februari. Alikuja na mchoro wa jiwe jipya: granite nyeusi inayong’aa, pana kama meza ya bwalo, ya kufunika kaburi lote, ngao ya ukoo yenye nguruwe mwitu, ramani ya Ayalandi, na jina la Randall mwenyewe, nafasi ya tarehe ikisubiri.

“Kuna kijiti pale kitahitaji kuondolewa,” alisema kwa upole. “Nadhani watoto wanacheza.”

Fidelma alifungua daftari la ubatizo. Honor Tansey alikuwepo, amebatizwa mwaka 1871. Alifungua daftari la mazishi. Honor Tansey alikuwepo pia, amezikwa mwaka 1874, kwa ugonjwa wa koo, akiwa na miaka mitatu. Mama wa bibi wa mtu yeyote hakuwa.

Wakati mwingine wowote angelifunga daftari na kutabasamu; safari hii alilifunga bila tabasamu, akamwambia Randall kwamba wataonana Jumapili.

*

Alhamisi Rosilene alikuja ofisini na ndoo na brashi, viatu vina matope. Nyuma yake alikuwa Thaís, mwenye miaka kumi na minne.

“Dada Fidelma, kuna utepe kwenye kaburi. Umeandikwa Pruitt. Pruitt ni nani?”

Fidelma akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza tena. Rosilene aliweka ndoo chini.

“Jiwe litafunika kote?”

“Kote.”

“Na Caetano?”

Fidelma alivuta rejista, akaifungua kwenye ukurasa wa Tansey.

“Nikikata utepe watasema mgeni ameharibu kaburi la wenyewe,” Rosilene akasema. “Nisipoukata, mwanangu atalala chini ya jina la muuza majokofu. Niambie wewe unayejua vitabu. Mimi nifanye lipi?”

“Mama, yule Mmarekani wa majokofu aliniuliza jana dukani nimetoka wapi,” Thaís akasema. “Nikamwambia nimetoka kununua mkate.”

“Si Mmarekani peke yake anayeuliza,” mama yake akasema.

Ilikuwa kweli, na Fidelma alijua zaidi ya hapo. Mwaka 2004 nchi ilipiga kura kwamba kuzaliwa katika ardhi ya Ayalandi hakutoshi tena kumfanya mtoto awe raia, kama wazazi ni wageni na hawajatimiza masharti. Mjukuu wa mhamiaji aliyezaliwa Boston na asiyejua mvua yetu hupewa pasipoti kwa posta. Thaís alizaliwa miaka mitano baada ya kura hiyo, mama yake akiwa bado hajakamilisha karatasi, kwa hiyo alizaliwa Roscommon bila kuzaliwa Ayalandi. Fidelma mwenyewe siku ile alipiga kura ya ndiyo. Hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa na haraka, na Malachy alisema ndiyo ndilo jibu la busara.

“Nendeni mkasugue jiwe,” akawaambia. “Jumapili simameni mahali penu.”

Malachy alikuja saa kumi, kabla hata hajaketi akaanza.

“Fidelma, usiniletee maneno. Mtu huyu atalipia paa la ukumbi wa parokia. Akina mama wanacheza karata chini ya miavuli, unalijua hilo.”

“Kaburi lina mwenyewe, Malachy. Limeandikwa.”

“Limeandikwa na wewe. Basi liandike upya. Ukurasa mmoja, wino wako, mwandiko wako. Nani atajua?”

“Nitajua mimi.”

“Tangu lini?” Malachy akacheka. “Wewe mwanamke umewapa akina Kelly wa Chicago banda la punda, leo umekuwa mtakatifu?”

“Nilisema kwa mdomo. Sikuandika.”

“Sikiliza. Yule mama ni mtu mwema, simwingilii. Lakini hiyo si familia ya Tansey.”

“Delia alisema ni familia.”

“Delia alikuwa na miaka tisini na mmoja! Akili zilikuwa zimekwenda sokoni.”

“Alipokuwa na tisini na mbili ulimbeba kwa gari lako kwenda kukupigia kura ya udiwani. Siku hiyo akili zilikuwa zimerudi?”

Malachy aliweka karatasi mezani. Ilikuwa imeandikwa tayari: *Kaburi la Tansey, mrithi Randall Pruitt wa Ohio, karibu nyumbani.* “Utasoma hii Jumapili,” akasema. “Au Jumatatu utaniletea ufunguo wa kabati.”

*

Jumapili kulikuwa na manyunyu. Watu mia tatu walisimama kwenye makaburi yao, wamevaa vizuri, wakichunguza maua ya wenzao. Padre Anselm Nwachukwu, aliyekuwa na mwaka wa sita katika parokia hiyo, alitokea na ndoo ya maji ya baraka.

“Na padre wa hapa yuko likizo?” Randall akamuuliza.

“Hapana,” Padre Anselm akasema. “Ndiye anayekusalimia.”

Kwenye kaburi la Tansey walisimama Rosilene na Thaís upande mmoja, na akina Pruitt na shada lenye utepe wa kijani upande wa pili. Jambo kama hilo halijaonekana Kiltarragh: watu wa pande mbili, kaburi moja. Wanawake wa makaburi ya jirani walijifanya wanasali ili wasikie vizuri.

Fidelma alifika na kipaza sauti. Mkono wa kulia ulikuwa na kipaza sauti pamoja na karatasi ya Malachy, wa kushoto rejista. Malachy alimkazia macho kutoka kwenye kaburi la akina Scahill. Fidelma aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, akasoma kutoka kwenye rejista, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa:

“Kaburi la Tansey. Ndani yake: Bridget, Thomas, Honor aliyekufa akiwa na miaka mitatu, Delia, na Caetano Bittencourt aliyeishi siku mbili. Haki ya kaburi ni ya Rosilene Bittencourt, kwa kauli ya Delia Tansey, mbele ya padre na mwandishi.”

Sauti ilikwenda hadi ukutani na kurudi.

“Samahani,” Randall akasema. “Miaka mitatu?”

“Mitatu, bwana Pruitt. Hakuzaa mtu.”

“Basi mama wa bibi yangu ni yupi?”

“Sijui. Na sidhani kama tutajua.”

“Fidelma!” Malachy akaita. “Endelea na kaburi linalofuata!”

Angeendelea. Lakini kutoka kwenye kaburi namba nane, ambako kamati ilikuwa imewapanga akina Kelly wa Chicago, mwanamke mmoja mwenye kofia pana alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

“Na nyumba yetu je? Ile ya ziwani?”

Fidelma alikuwa bado ameshika kipaza sauti. “Lilikuwa banda la punda, bibi,” akasema. “Naomba radhi. Mawe mliyochukua yalitoka machimboni.”

Hapo ndipo kijiji kilipochafuka. Kwamba kaburi la mtu lilikuwa karibu kunyang’anywa, watu walilipokea kwa utulivu mkubwa. Kwamba banda limetajwa, walishindwa kuvumilia.

“Mwehu wewe!” mzee Geraghty akapiga kelele. “Nimebeba mawe hayo kwa mgongo!”

“Alikuwa punda mzuri!” mtu akasema nyuma, na baadhi wakacheka, na wenye nyumba za wageni wakawatazama vibaya.

Randall Pruitt alisimama kidogo na shada lake, manyunyu yakimtiririka kwenye kofia. Fidelma alimwonea huruma, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Huruma hiyo haikuhitajika muda mrefu. Malachy alimshika bega, akamnong’oneza, akamwongoza hadi namba ishirini na sita, kaburi la akina Flanagan waliokwisha wote, na kabla Padre Anselm hajafika kwa akina Tansey, Randall alikuwa amepiga magoti kwa Flanagan, akilia kwa sauti ile ile, bila kupungukiwa na chozi hata moja. “Naihisi damu yangu,” alikuwa akimwambia Darlene. “Hapa naihisi zaidi.”

Padre Anselm alinyunyiza maji juu ya jiwe, juu ya msalaba wa mbao, na juu ya Rosilene aliyefumba macho. Mengine yalimpata Fidelma usoni. Hakuyafuta.

*

Jumatatu alipeleka ufunguo mwenyewe. Kabati lilikabidhiwa mpwa wa Malachy, kijana wa tarakilishi asiyejua Kilatini, ambaye siku ya kwanza aligawa mababu watatu kabla ya chakula cha mchana. Paa la ukumbi liliezekwa. Mwezi Oktoba jiwe jeusi lilisimikwa kwa akina Flanagan, na nguruwe mwitu wake, na Kiltarragh ikakubaliana kwamba linapendeza.

Lakini kabla ya kuachia ufunguo, Fidelma alitoa nakala ya ukurasa wa Tansey, Padre Anselm akaigonga muhuri wa parokia, na Rosilene akaiweka pamoja na vyeti vya shule vya Thaís. Kaburi hilo haliwezi tena kupewa mtu kwa barua pepe.

Tangu hapo jioni za Jumatano Fidelma huenda jikoni kwa Rosilene, na meza hujaa fomu. Ni maombi ya uraia ya Thaís. Kurasa nyingi zinamtaka mtoto aliyezaliwa Roscommon, aliyesoma Roscommon, athibitishe kwamba amekuwa akiishi Roscommon, mwaka kwa mwaka, bila mwanya. Kulikuwa na mwanya mmoja, mwaka aliokuwa na miaka mitatu, hajaanza shule. Fidelma alikaa na kalamu, akafikiri, kisha akaambatanisha nakala ya rejista ya makaburi: mwaka ule familia hii ilimzika mtoto wao hapa, na dada yake alisimama kaburini. Alidhani hakuna ushahidi wa ukaazi ulio mzito kuliko huo.

Ofisi ya uraia ilijibu baada ya miezi saba, kwa barua ya adabu. Ilisema kwamba kumbukumbu za marehemu hazikubaliki kuwa uthibitisho wa makazi ya mwombaji. Iletwe bili ya umeme.